Kingamwili za utumbo wa mwatiko, kwa mayai ya kuku

Ami yangu ana mabwawa mawili ya mwatiko pembezoni mwa mikoko, si mbali na Chake Chake. Dagaa walipopanda bei aliwapunguza katika chakula anachosaga mwenyewe, akaongeza soya. Samaki waliendelea kula, lakini mizani haikusogea kama zamani. Nilipokwenda Pemba kwa Sikukuu aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe ndiye uliye maabara. Chakula hiki kinampita samaki hivi hivi, au kinamchoma tumbo?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba kwa samoni wa Atlantiki unga wa soya huleta uvimbe katika sehemu ya mwisho ya utumbo, na kwamba saponini zilizomo katika soya ni miongoni mwa zinazolaumiwa. Kwa mwatiko sikuwa hata na chombo cha kutazamia. Chombo hicho, yaani kingamwili inayoitambua na kuishika protini moja ya utumbo wa mwatiko, nimekitengeneza, kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hapa naeleza njia nzima ili kijana mwingine wa maabara, awe Unguja, Pemba au bara, asianze pale nilipoanzia mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu tunachokitafuta. Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli. Zimesimama bega kwa bega kama jamaa katika safu ya sala, na mwanya baina ya bega na bega huzibwa na protini maalumu karibu na kichwa cha seli, upande unaotazama chakula. Miongoni mwake zimo klaudini na okludini, ambazo hupita katika utando wa seli na kushikana na wenzao wa seli ya jirani, na ZO-1, ambayo hukaa ndani ya seli ikizishika kwa mkia. Kikosi cha mtafiti Shoichiro Tsukita huko Japani ndicho kilichoitambua okludini mwaka 1993 na klaudini mwaka 1998. Jina klaudini limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kufunga, na ndivyo nyingi zinavyofanya, ingawa zipo zinazoacha vijitundu vya kupitisha chumvi na maji kwa kipimo.

Mtu ataniuliza: kwa nini usipime jeni kwa PCR, kipimo cha kiasi cha RNA, ile nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili itengeneze protini, yaishe? Nimepima, na ninaendelea kupima. Lakini RNA ni oda iliyoandikwa dukani, haikwambii kama mzigo umefika wala umewekwa rafu gani. Utumbo ukiumwa, klaudini yaweza kuwepo kwa wingi ule ule lakini imetoka mahali pake mpakani, imerudishwa ndani ya seli. PCR haitaliona hilo. Kingamwili juu ya kipande cha utumbo chini ya darubini ndiyo inayoonesha protini iko wapi.

Ipo inayouzwa?

Anza hapa, maana kutengeneza kingamwili usiyoihitaji ni kuwatesa wanyama na kumaliza bajeti. Nyingi za dukani zimetengenezwa kwa protini za binadamu au panya. Mwombe muuzaji akwambie ni kipande gani cha protini kilichotumika kumchanja mnyama, kisha ukiweke kando ya mfuatano wa samaki wako, herufi kwa herufi. Akikataa kukitaja, mimi sinunui.

ZO-1 haijabadilika sana baina ya samaki na mamalia, na kingamwili za ZO-1 ya binadamu zimetumika sana kwa zebrafish, samaki mdogo wa maabara. Kwa hiyo ZO-1 nilinunua, nikaijaribu, ikafanya kazi. Klaudini ni hadithi nyingine. Binadamu ana jeni za klaudini ishirini na kitu. Katika jenomu, yaani DNA yote, ya fugu, jamaa yake bunju wetu, zilihesabiwa 56. Mababu wa samaki hawa walirudufu jenomu nzima, na baadaye baadhi ya klaudini zikajirudufu tena mahali pamoja. Matokeo yake, klaudini moja ya binadamu yaweza kuwa na pacha wawili, watatu au zaidi kwa samaki, na mikia yao haifanani na ya panya. Kingamwili ya klaudini ya panya ikikuletea mstari, yaani alama ya protini iliyoshikwa, kwenye utumbo wa mwatiko, huwezi kujua umemwona nani.

Mimi nilichagua klaudini-15, kwa sababu ni ya utumbo khasa na kwa zebrafish inajulikana kwamba utumbo haufunguki sawasawa bila ya mmoja wa hao pacha wa klaudini-15.

Kuchagua kipande

Kaa hapa siku nyingi. Hatua zote zinazofuata zinaweza kurudiwa kwa gharama ndogo, ila hii ukiikosea umeikosea kwa miezi sita.

Jenomu ya mwatiko, Chanos chanos, imo katika NCBI, hazina ya mtandaoni ya taarifa za jeni. Toa mfuatano wa protini yako, na utoe pia mifuatano ya klaudini zote za samaki huyo huyo, si ile moja tu. Zipange pamoja. Utaona klaudini ni fupi, asidi amino (zile herufi zinazounda protini) mia mbili na kidogo, na inapita katika utando mara nne. Ncha zake zote mbili ziko ndani ya seli, na nje yamebaki mapindo mawili.

Wengi huvutiwa na pindo la kwanza la nje kwa kuwa ni kubwa. Mimi nalikwepa. Limejaa asidi amino ambazo ndugu wote wanazo, lina daraja la salfa linalolikunja kwa umbo ambalo peptidi, yaani kipande kifupi cha protini kinachotengenezwa kwa kuagiza, haiwezi kuliiga, na ndilo hasa linaloshikana na seli ya jirani, kwa hiyo katika utumbo mzima limefichika. Mkia wa ndani ndio mzuri. Kila klaudini ina mkia wake, na hapo ndipo ndugu wanapotofautiana.

Lakini hata mkia una sehemu za kuacha. Mwanzoni, pale unapotoka kwenye utando, zimo asidi amino ziitwazo sisteini, ambazo seli huzibandika mafuta. Mwishoni kabisa, herufi mbili tatu za mwisho ndizo ZO-1 inazozishika, na kingamwili yako haitapata pa kukaa. Katikati tazama asidi amino za serini na threonini. Seli huzibandika fosfeti inapotaka kuihamisha protini, na kingamwili iliyozoea serini tupu inaweza isiitambue yenye fosfeti. Ukiona mstari umefifia kwa samaki mgonjwa, hutajua kama protini imepungua au imevaa nguo nyingine. Nilichotaka ni asidi amino 14 hadi 16 zinazopenda maji, zenye lisini, ajinini au glutamati za kutosha, prolini moja ikiwezekana, na bila sisteini ndani.

Sisteini unaiongeza mwenyewe, moja tu, upande mmoja, iwe ndoano ya kuifungia peptidi kwenye mzigo mkubwa. Iweke upande ambao katika protini halisi unaendelea kuelekea utandoni, ili upande ulio huru ubaki huru.

Kisha ipitishe peptidi yako katika BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, dhidi ya protini zote za mwatiko. Siangalii asilimia ya jumla. Natafuta kama kuna protini nyingine yenye herufi sita au saba mfululizo zilizo sawa na zangu, kwa sababu kingamwili hushika kipande kifupi kama hicho. Peptidi yangu ya kwanza ilikuwa na herufi saba sawa na pacha wa klaudini nyingine. Niliona, nikajiambia haitadhuru. Ilidhuru. Nilipata kingamwili nzuri sana ya protini mbili kwa pamoja, na miezi mitano ikapotea.

Wakati wa kuagiza, omba usafi wa asilimia 85 au zaidi, na uombe iletwe katika sehemu tatu: moja imefungwa kwenye hemosianini, protini ya damu ya konokono wa bahari wa pwani ya California, ambayo ni kubwa na ngeni kiasi kwamba mwili wa kuku hauwezi kuipuuza, moja imefungwa kwenye albumini ya ng'ombe, kwa vipimo, na moja tupu, kwa ajili ya kusafishia. Watu husahau ile ya tupu, nao huijutia.

Kwa nini kuku

Njia iliyozoeleka ni sungura wawili. Sungura ni sahihi kabisa, na kama unaagiza huduma nzima kutoka nje huenda ndiyo njia yako. Mimi nilichagua kuku wa mayai kwa sababu nne. Hatolewi damu. Kingamwili zake, zinazoitwa IgY, huzitia mwenyewe katika kiini cha yai kumkinga kifaranga, jambo lililoonekana tangu mwaka 1893 na Klemperer. Kiini kimoja hutoa miligramu 50 hadi 100 za IgY, na kuku anataga karibu kila siku. Sababu ya tatu ni ya darubini: kingamwili ya ZO-1 niliyonunua imetengenezwa na mwili wa panya, kwa hiyo ya kuku naweza kuitia pamoja nayo katika kipande kimoja, kila moja na rangi yake, bila kugongana. Na ya nne, kuku ninawajua. Bibi yangu alifuga, mama anafuga, na nikimwangalia kuku asubuhi najua kama ameamka vizuri.

Kibali cha maadili ya wanyama kitafute kabla ya kununua kuku. Andika ndani yake ni mara ngapi utamchoma, wapi, na nini kitafanywa akiumwa.

Nilichukua watatu, kwa kuwa kila mmoja huitikia kivyake. Kabla ya sindano ya kwanza kusanya mayai kumi ya kila kuku. Haya ndiyo yatakayokuwa shahidi wako baadaye, na hayapatikani tena sindano ikishapita. Andika nambari ya kuku na tarehe juu ya ganda kwa penseli. Wino wa kalamu hupenya.

Kuchanja kwenyewe si kazi kubwa. Mikrogramu 100 za peptidi iliyofungwa kwenye hemosianini, katika nusu mililita ya maji ya chumvi, zichanganywe na nusu mililita ya ajuvanti ya mafuta, yaani kichochezi cha kinga ya mwili. Sukuma mchanganyiko baina ya mabomba mawili ya sindano mpaka uwe mzito na mweupe. Dondosha tone juu ya maji baridi: likibaki tone, tayari, likisambaa, endelea. Choma sehemu nne katika nyama ya kifua. Sikutumia ajuvanti kamili ya Freund, kwa vidonda inavyoacha. Ile isiyo kamili ilitosha. Rudia baada ya wiki 2, 4 na 6. Jikinge na sindano hiyo wewe mwenyewe, maana ajuvanti ya mafuta ikiingia kidoleni ni safari ya hospitali.

Kuanzia wiki ya 5 chukua yai moja la kila wiki na ulipime kwa ELISA, kipimo cha sahani kinachobadilika rangi kingamwili ikiwepo. Sahani ipakwe peptidi iliyofungwa kwenye albumini, si ile ya hemosianini, la sivyo utapima hasira ya kuku dhidi ya konokono. Linganisha na yai la kabla ya chanjo la kuku huyo huyo. Kuku wangu nambari 1 hakupanda kabisa. Nambari 2 alipanda akashuka. Nambari 3 alipanda wiki ya 7 akatulia juu.

Kutoka yai hadi kingamwili

Vunja yai, tenga ute, kisha kiini kiviringishe taratibu juu ya karatasi ya kunyonya mpaka ute wote ushikwe na karatasi. Huu ni ufundi wa mkono tu. Toboa ngozi ya kiini, kiache kimiminike, ngozi ibaki nyuma. Utapata kama mililita 15.

Ongeza bufa ya fosfeti, yaani maji yanayotunza kiwango cha asidi, mara mbili ya ujazo huo. Tia PEG 6000, kemikali inayozifanya protini zitue chini, gramu 3.5 kwa kila mililita 100, koroga dakika kumi, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 10,000 g kwa dakika 20 katika nyuzi 4. Mafuta ya njano yatakaa chini. Maji ya juu yachuje kwa karatasi, kisha ongeza PEG nyingine gramu 8.5 kwa kila mililita 100, ifike asilimia 12. Sasa IgY ndiyo itakayokaa chini, nyeupe. Iyeyushe, irudishe tena katika asilimia 12 mara moja zaidi kuisafisha, halafu itoe PEG kwa kuiweka katika mfuko wa dayalisisi usiku kucha.

Hapo una IgY zote za kuku, pamoja na za kila ugonjwa aliowahi kukutana nao bandani. Zako ni asilimia chache tu, baina ya 2 na 10 mara nyingi. Zitoe kwa kuipitisha IgY katika nguzo iliyofungwa ile peptidi tupu. Zinazoijua peptidi zitabaki, nyingine zitapita. Osha sana, kisha zing'oe kwa glisini ya pH 2.8, ukidondoshea katika vichupa ambavyo tayari vina bufa ya Tris ya pH 8.5, ili asidi isiziharibu. Na ujue kwamba protini A na protini G, zinazotumika kusafishia kingamwili za sungura, haziishiki IgY. Mwenzangu mmoja alitumia wiki nzima akishangaa kingamwili zimekwenda wapi.

Utumbo wenyewe

Utumbo wa samaki ni kiungo kinachojila. Vimeng'enya vyake havijui kwamba mwenye navyo amekufa, na katika joto letu dakika kumi zinatosha kuzikata klaudini vipande. Kwa hiyo usichukue samaki wa soko la Darajani wala la Malindi, hata awe mbichi vipi kwa mchuzi. Nenda bwawani na vifaa vyako.

Siku moja kabla, hamishia samaki katika tangi la maji safi bila chakula. Utumbo mtupu ni rahisi kuosha, na kuna sababu nyingine nitakayoieleza kwenye darubini. Kumwua, mimi hutumia mafuta ya karafuu. Yujenoli iliyomo ndani humlaza samaki bila kuhangaika, na kwetu Pemba mafuta hayo hatuyatafuti mbali. Hayachanganyiki na maji, kwa hiyo changanya kwanza sehemu 1 ya mafuta na 9 za ethanoli, kisha tia kama mililita 4 za mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji. Subiri dakika kumi baada ya mashavu kuacha kucheza, halafu kata uti wa mgongo nyuma ya kichwa.

Mwatiko anakula mwani mdogo na matope yake, na utumbo wake ni mrefu sana, umejikunja kunja. Unyooshe juu ya sinia lililolala kwenye barafu. Jaza maji ya chumvi baridi kwa bomba la sindano, usukume uchafu wote utoke. Chukua sehemu tatu, mwanzo, kati na mwisho, na kila sehemu igawe mara mbili: nusu ya darubini, nusu ya jeli, ambayo hutenga protini kwa ukubwa wake. Nusu ya jeli ipasue kwa urefu, uilaze, na ukwangue ngozi ya ndani kwa ukingo wa kioo cha slaidi. Ukiusaga utumbo mzima pamoja na misuli yake, protini unayoitafuta itazama katika protini za nyama.

Ukwanguo uingie hapo hapo katika bufa yenye vizuizi vya vimeng'enya. Na sasa nieleze kosa langu kubwa, lililonichukua miezi miwili. Nilitumia bufa yenye Triton, sabuni laini, peke yake, kama nilivyofundishwa kwa protini za ini. Nikasaga, nikazungusha, nikachukua maji ya juu, nikatupa yaliyokaa chini. Jeli baada ya jeli, hakuna kitu. Nikailaumu kingamwili. Nikamlaumu kuku. Kumbe protini za mpaka baina ya seli zimefungamana na mifupa ya seli, na Triton haizing'oi zote. Nilikuwa nachukua tui na kutupa machicha, na nazi yangu yote ilikuwa katika machicha. Nilipoweka SDS, sabuni kali zaidi, asilimia 1 katika bufa, mstari ulitokea siku ile ile.

Jambo la pili ni joto. Mazoea ni kuchemsha sampuli nyuzi 95 kabla ya kuitia kwenye jeli. Klaudini ikichemshwa hugandana kama yai na kubaki juu ya jeli, haishuki. Ipashe nyuzi 37 kwa nusu saa, basi. Jeli iwe ya asilimia 15, na utando wa PVDF, ile karatasi ya plastiki ambayo protini huhamishiwa kutoka kwenye jeli, uwe na vitundu vya mikromita 0.2, kwa sababu protini hii ni ndogo, kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 20 na kitu, na katika vitundu vikubwa hupita ikatokea upande wa pili.

Kuthibitisha

Nilipoona mstari mmoja mweusi karibu na kilodaltoni 23, mwalimu wangu aliutazama akasema, "Vizuri. Sasa nithibitishie kwamba si kitu kingine." Wakati ule niliona ananionea. Leo nawaambia wanafunzi wangu neno hilo hilo, na nawaomba waweke nusu ya muda na nusu ya fedha kwa sehemu hii.

Shahidi wa kwanza ni yale mayai ya kabla ya chanjo. IgY yake, kwa kiasi kile kile, isioneshe mstari. Wa pili ni kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza na kuifanya ionekane, ikitiwa peke yake bila ya kwanza. Wa tatu ni kuiloweka kingamwili na peptidi tupu nyingi kwanza: mstari utoweke. Lakini usilewe na huyu wa tatu. Anathibitisha tu kwamba kingamwili inaijua peptidi, jambo tulilolijua tangu mwanzo. Protini ngeni yenye kipande kinachofanana nayo itatoweka vile vile. Nimesoma kazi zilizosimama juu ya mguu huo mmoja, na siziamini.

Shahidi mwenye uzito ni seli zilizolazimishwa kutengeneza protini yako. Jeni ya klaudini-15 ya mwatiko hutiwa katika HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, ikiwa na alama fupi mkiani ambayo ina kingamwili yake inayoaminika. Mistari ya kingamwili mbili ikikaa mahali pamoja, na seli ambazo hazikutiwa jeni zikanyamaza, unaanza kusema una kitu. Kisha, na hapa ndipo wengi huacha, fanya vivyo hivyo kwa ndugu zake wa karibu wawili watatu. Kingamwili inyamaze kwao pia. Sisi hatuna chumba cha kukuzia seli, kwa hiyo plasmidi, vile vipande vya DNA vinavyobeba jeni, zilivuka kwenda kwa wenzetu Dar es Salaam, na utando ukarudi kwangu umekaushwa ndani ya bahasha. Peptidi yangu ya kwanza iliangukia hapa. Ya pili ilipita.

Ongeza viungo vya samaki mwenyewe: utumbo, gili, figo, ini, misuli. Linganisha mstari wa kingamwili na kiasi cha RNA cha kila kiungo. Si lazima vilingane sawasawa, lakini misuli iking'ara mahali ambapo RNA haipo, simama.

Chini ya darubini

Nusu ya pili ya utumbo niliigandisha na kuikata mikromita 8, nikaiweka katika methanoli ya nyuzi -20 kwa dakika kumi. Paraformaldehidi asilimia 4 hutunza umbo vizuri zaidi ila huficha mkia wa klaudini. Ukiitumia, itakubidi uzifunue protini kwa sitreti ya pH 6.0 yenye moto, na mimi nimepata picha safi zaidi kwa methanoli.

Unachotarajia ni nukta au kijistari kifupi juu kabisa baina ya seli na seli, mahali pale pale ZO-1 ilipo. Kipande kikikatwa kwa bahati kikatazamwa kutoka juu, utaona masega ya nyuki.

Mambo mawili yatakudanganya. Ute wa seli za kamasi hunasa kingamwili yoyote na kuwaka kama taa, na dawa yake ni kuosha zaidi na kuangalia yai la kabla ya chanjo kando yake. La pili ni chakula. Mwatiko amejaza mwani, na klorofili huwaka nyekundu yenyewe bila kutiwa rangi yoyote. Ndiyo ile sababu ya pili ya kumfungisha samaki siku moja. Hata hivyo mimi huweka klaudini katika kijani na kuiacha nyekundu tupu, kama ya kukagua uchafu.

Kingamwili ikishathibitika, igawe katika vichupa vidogo vya mikrolita 50, nusu yake gliserini, katika nyuzi -20. Kuigandisha na kuiyeyusha kila wiki huiua. Andika juu ya kila kichupa: kuku, wiki ya yai, tarehe ya kusafishwa, na kipimo kilichofaa, ambacho kwangu ni 1 kwa 500 kwa darubini na 1 kwa 2,000 kwa utando. Vigawe katika friza mbili zilizo kwenye majengo mawili. Nilikuwa bado skuli Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na tangu hapo siwezi kuweka kitu cha miezi sita mahali pamoja.

Samaki wa ami wako tayari. Bwawa moja anakula dagaa, jingine soya, na mwisho wa mwezi naondoka na boksi la barafu kwenda kuwakata. Kuku nambari 3 bado anataga, na mayai yake yamo katika treya ya chini ya friji, nyuzi 4, yameandikwa kwa penseli. Mwenye kazi ya mwatiko na aje achukue.